Mazishi ya Mwezi wa Saba

Jumatatu, 3 Oktoba 1977. Migwani

Barua ya chuo imefika. Hedimasta wetu, Mwalimu Nzuki, aliileta mwenyewe hadi darasa la saba. Alinipa mbele ya watoto akasema anatumaini ni habari njema, maana mwaka huu nimeona mabaya ya kutosha. Niliitia ndani ya kitabu cha hesabu nikaendelea na somo. Sikuifungua hadi saa kumi, watoto walipotoka kufagia.

Nimeanguka. Chuo hicho cha biashara cha Nairobi kilitaka alama sitini, nami nimepata hamsini na sita. Lakini wanasema waliopungukiwa kidogo wanaruhusiwa kurudia, mara moja tu, Jumamosi tarehe 3 Desemba. Kuna fomu ya kujaza, irudi kabla ya tarehe 25 Novemba. Mkuu wangu wa kazi anatakiwa kuandika maoni yake na kutia sahihi. Na juu kabisa, kwa taipu, wameandika: "Mtihani wa kwanza aliufanya tarehe 20 na 21 Julai 1977."

Siku hizo mbili, kama shule nzima inavyojua, nilikuwa Tawa nikimzika Susu.

Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Susu Kalunde, nyanya yangu aliyenilea tangu mama afariki nikiwa na miaka minne, hajafa. Yuko Tawa, na kila siku ya soko anauza mbaazi na maharagwe pale pale alipokuwa akiniketisha juu ya gunia nikiwa mdogo. Mwezi wa saba nilikuwa nimekwisha kuomba ruhusa mara mbili, na hedimasta alikuwa amesema hakuna nyingine hadi shule zifungwe. Jumatatu ile niliingia ofisini kuomba siku tatu. Nilimwona amekunja uso kabla sijasema neno, na mdomo wangu ukatoa hayo: "Susu amefariki." Sikuwa nimepanga. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipa wiki nzima.

Niliporudi nilikuta akina mama wa kanisa wameniwekea mlangoni kuni, debe la unga na maharagwe. Unga ule niliula wiki tatu.

Jumanne, 4 Oktoba

Joto. Vumbi limejaa hata ndani ya chaki.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mama Tima, mwenye nyumba wangu, ni mjane wa mfanyabiashara aliyetoka pwani akahamia Migwani. Duka liko mbele na vyumba viko nyuma. Jioni aliniuliza mbona sivai ile leso nyeusi aliyonipa nilipotoka matangani. Nilisema naogopa itapauka kwa jua. Akasema nyanya huliliwa mara moja tu, na leso ya kumlilia haiwekwi sandukuni.

Iko sandukuni, chini ya fomu.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani Mama Mwangangi, kiongozi wa akina mama, ameomba tena kwa ajili ya "mwalimu wetu Mbinya aliyebaki peke yake". Miezi mitatu sasa. Niliinamisha kichwa kama wengine. Nilipokuwa nikifanya mtihani ule Nairobi nilisoma swali moja la asilimia mara sita bila kulielewa, kwa sababu nilikuwa nikifikiri kwamba saa ile ile shule nzima imesimama gwarideni kimya kwa ajili ya mtu anayepalilia shamba lake. Sijui kama ndilo lililoniangusha. Labda sijui hesabu za asilimia.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimefanya hesabu ishirini, nimekosa tatu. Fomu sijaigusa.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua! Ilianza saa nane, watoto wakatoka nje bila kuomba ruhusa nasi hatukuwazuia. Mwalimu Nzioka, tunayefundisha naye darasa la saba, alisimama barazani na mikono mifukoni akicheka peke yake. Si mtu wa kucheka. Jioni mji mzima ulikuwa mashambani, hata Mama Tima alifunga duka akapanda mbaazi nyuma ya nyumba.

Sikuwa na shamba la kukimbilia. Niliketi nikamfikiria Susu na jembe lake.

Jumatano, 26 Oktoba

Barua kutoka kwa Mjomba Mulei, ndugu ya marehemu mama, ambaye nyumba yake iko ua mmoja na ya Susu. Anasema Susu alipanda shamba lote mwenyewe kwenye mvua, akanyeshewa siku mbili, na sasa anakohoa. Anasema nisiwe na wasiwasi.

Jumamosi, 29 Oktoba

Ningeweza kwenda Tawa leo na kurudi kesho usiku, kama barabara ingekuwa nzuri. Tuna masomo ya Jumamosi kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba, na basi la jana lilikwama. Nimejiambia sababu hizo mbili mara nyingi. Ya tatu ni kwamba naona aibu kumtazama usoni.

Jumatano, 2 Novemba

Majina ya walimu waliopandishwa daraja yametoka Kitui, na hedimasta ameyabandika ukutani. Niliyasoma yote, jina la Nzioka halipo. Amefundisha miaka tisa kwa daraja lile lile, na nilikuwa nimesikia kwamba mwaka huu wamemwita. Nilimwuliza hedimasta, kwa kupiga soga tu, kama Nzioka alianguka kwenye mahojiano.

Alisema hakwenda. Mahojiano yalikuwa tarehe 20 Julai. Asubuhi ile Nzioka alikuwa amekwisha kuvaa koti aliloazima, akaambiwa darasa la saba halina mtu kwa sababu mimi nimefiwa, akatuma ujumbe Kitui kwamba hatafika. Wakamwambia angoje mwaka ujao. Hedimasta alisema Nzioka alimkataza kabisa kuniambia, ili nisiongezewe uzito juu ya msiba.

Nilirudi darasani. Nilikuta Nzioka amenifutia ubao, kama anavyofanya kila siku.

Alhamisi, 3 Novemba

Sikuweza kula na walimu wenzangu. Nilisema kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 5 Novemba

Mvua. Nimeichana karatasi niliyokuwa nimeanza kumwandikia Nzioka.

Jumapili, 6 Novemba

Sikwenda kanisani. Mama Mwangangi amekuja baada ya ibada na chupa ya maziwa, akidhani ni huzuni. Aliketi nusu saa. Alinieleza jinsi mama yake alivyokufa, kitu ambacho naamini hawaelezi watu wengi, kwa maana alikatiza mara mbili akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Alinieleza kwa sababu anadhani najua.

Jumanne, 8 Novemba

Barua ya pili. Dereva wa lori la mahindi alimwachia Mama Tima dukani. Mjomba Mulei ameandika kwa haraka: homa imeingia mapafuni, Susu halali, ananiita jina mchana na usiku, nije.

Mtihani wa watoto ni Jumanne ijayo. Leo ni Jumanne. Mwalimu yeyote mwingine angetembea hatua thelathini hadi ofisini akasema, "Nyanya yangu ni mgonjwa sana," na hedimasta angempa ruhusa hata kama mtihani ungekuwa kesho. Mimi siwezi. Nilikwisha kumtumia nyanya yangu.

Nimefikiria kusema ni shangazi. Nimefikiria kusema ni mimi mwenyewe ninayeumwa, niende hospitali ya Kitui, halafu niteleze hadi Tawa. Nimefikiria hata kuondoka tu. Nimeketi juu ya kitanda tangu saa kumi na moja nikipanga uongo mmoja baada ya mwingine, na jambo lililonitisha ni kwamba naupanga vizuri. Mwezi wa saba ulinitoka mdomoni bila kupangwa. Leo nautengeneza kama mtu anayeandaa somo.

Na fomu je? Nikiwa na ukweli wa kusema juu ya Susu, lazima nitoe na wa fomu, kwa sababu tarehe ziko pale juu. Na nikiutoa wa fomu, wa Nzioka utafuata. Kwa muda nimeona njia rahisi kabisa: niichome fomu, nisirudie mtihani, nibaki hapa nikifundisha, na hakuna atakayejua kamwe. Ningekuwa nimejiadhibu mwenyewe na kesi imekwisha. Lakini Susu angekuwa bado amelala Tawa akiniita.

Jumatano, 9 Novemba

Nimesema.

Niliingia ofisini asubuhi kabla ya kengele. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hedimasta aliweka mkono nyuma ya sikio. Nilisema Susu ni mgonjwa sana, naomba kwenda Tawa.

Alikunja uso, lakini kwa huruma. Akauliza, "Susu yupi, Mwalimu? Wa upande wa baba?"

Alinifungulia mlango, maskini, bila kujua. Ningeitikia kwa kichwa tu. Hata kusema nisingehitaji kusema. Nilimtazama, mzee yule aliyenishika kwa mikono miwili mwezi wa saba, na nikaona kwamba nikiitikia sasa sitaacha tena kudanganya maishani.

"Ni yule yule," nikasema.

Hakusikia. Alinyoosha shingo. Ikabidi nirudie kwa sauti ya kufundishia, karibu kupiga kelele, kwamba ni yule yule Susu Kalunde, hakufa mwezi wa saba, nilidanganya, nilikwenda Nairobi kufanya mtihani wa chuo.

Alichukua kalamu akaiweka tena. Aliniuliza kama ninajua kwamba mke wake alifunga kula siku ile ya mazishi. Sikujua. Aliniuliza kama ninakumbuka aliyonieleza wiki iliyopita juu ya Nzioka, nikasema nakumbuka. Akasema, "Basi nami nilikuwa nikikueleza kwa kukuhurumia."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Halafu alisema niende, nirudi Jumatatu, mgonjwa hana kosa lolote. Nilipofika mlangoni nilirudi. Nilitoa fomu mkobani nikaiweka mezani, nikasema chuo kinataka maoni yake nikitaka kurudia mtihani, lakini sijui kama nataka, wala kama nina haki. Aliisoma yote, pamoja na zile tarehe. Akaandika polepole, akatia sahihi na muhuri, akanirudishia bila kuikunja. Aliandika hivi:

"Mwezi wa Julai mwalimu huyu alinidanganya kwamba amefiwa, ili aje kufanya mtihani wenu. Amenieleza mwenyewe. Anafundisha hesabu vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye."

Akasema, "Hayo ndiyo maoni yangu. Kuipeleka au kutoipeleka ni juu yako. Na Nzioka utamwambia wewe, si mimi."

Atakayeshika darasa langu hadi Jumatatu ni Nzioka. Hakuuliza ninakwenda wapi. Alisema tu nichukue mwavuli wake.

Alhamisi, 10 Novemba. Machakos

Basi lililala ng'ambo ya mto tangu jana jioni. Tumevuka leo saa tano. Nimelowa. Nafika Tawa kesho.

Ijumaa, 11 Novemba. Tawa

Yu hai. Amekonda mikono, na pumzi yake ina sauti kama ya karatasi. Mganga wa zahanati anakuja kumchoma sindano asubuhi na jioni. Mjomba Mulei anasema jana alikuwa mbaya zaidi. Susu alinitambua, akaniambia viatu vyangu vina matope.

Jumamosi, 12 Novemba

Leo ameketi, amekunywa uji nusu kikombe. Mjomba alipokwenda kuangalia mimea nilibaki naye peke yangu. Nilikuwa nimeapa nisimwambie hadi apone, lakini alinishika mkono akanishukuru kwa kuacha kazi yangu nikaja, nami sikuvumilia. Nikamwambia yote: kwamba mwezi wa saba nilisema amekufa.

Alinitazama. Nilingoja kilio, au laana.

"Nilikufa na nini?" akauliza.

Nikasema sikuulizwa sana, nilisema ni moyo.

"Moyo wangu hauna shida yoyote," akasema, kwa kuudhika kidogo. Akafunga macho nikadhani amelala. Kisha: "Walilia?"

Nilimwambia jinsi watoto walivyosimama kimya, mke wa hedimasta alivyofunga kula, Mama Mwangangi anavyoomba kila Jumapili, na leso ya Mama Tima, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kumwona. Alitaka majina. Kila nilipotaja jina alilirudia. Alitaka kujua kuni zilikuwa za mti gani na unga ulikuwa kiasi gani. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni mwa macho hadi kwenye mto, na sikujua kama ni ya kuumia au ya kitu kingine. Aliniambia hakuna mtu anayepata kujua nani atakuja kwenye mazishi yake, isipokuwa yeye, na kwamba angependa kujua bila mimi kufanya dhambi.

Ndipo nikamweleza juu ya Nzioka. Aliutoa mkono wake kwenye wangu.

Baadaye nilisema nitaacha mtihani. Nilisema siwezi kujengea maisha juu ya uongo, na kwamba nikibaki shuleni Nzioka ataweza kwenda kwenye mahojiano yake mwakani. Alikohoa muda mrefu. Nikampa maji.

"Ukiuacha huo mtihani," akasema, "basi nilikufa bure."

Jumapili, 13 Novemba

Kabla sijaondoka alinitaka niandike barua. Hajui kusoma, akasema na mimi nikaandika kwa Kikamba, maneno yake hasa, hata pale nilipotaka kuyapunguza. Inakwenda kwa kanisa la Migwani. Aliweka alama ya dole gumba, akaniambia niisome mwenyewe mbele ya watu, nisimpe mtu mwingine aisome.

Jumatatu, 14 Novemba. Migwani

Nimefika saa tatu. Darasa lilikuwa tayari, madawati yametenganishwa kwa ajili ya mtihani wa kesho.

Jumatano, 16 Novemba

Watoto wamemaliza mtihani wao. Karatasi ya hesabu ilikuwa ya haki.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimemwambia Nzioka. Nilingoja hadi mtihani uishe nisimharibie kazi, au hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Alikuwa anarundika vitabu stoo. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuacha kurundika. Alipomaliza rafu moja alikwenda ya pili. Nilipofika mwisho alisema, bila kugeuka, kwamba asubuhi ile mke wake alikuwa amempigia koti pasi, na aliporudi nyumbani kulivua mke wake aliuliza kuna nini, akamjibu kuna mwenzetu amefiwa, na wote wawili wakaona haya kuhuzunika kwa ajili ya koti.

Nikasema sitarudia mtihani. Nitabaki hapa mwaka mzima, mwezi wa saba nitashika madarasa yote, naye aende Kitui bila wasiwasi.

Hapo aligeuka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Usinifanye mimi sababu," akasema. "Mara ya kwanza ulitumia nyanya yako. Sasa unataka kunitumia mimi. Nenda au ubaki, lakini iwe kwa ajili yako. Sitaki kuja hapa kila asubuhi nikuone unanilipa."

Alitoka akaniacha na vitabu. Leo ubao wangu haukufutwa, na ni sawa.

Ijumaa, 18 Novemba

Nilimweleza na Mama Tima. Aliomba leso yake, nikaitoa sandukuni, akaingia nayo ndani. Jioni mlango wake ulikuwa umefungwa.

Jumamosi, 19 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Mahindi ya jirani yamefika magotini.

Nimefikiri siku nzima juu ya maneno ya Nzioka, na yana ukweli mbaya. Nilipoona nitaacha mtihani nilijisikia msafi, karibu furaha. Nilikuwa nikinunua kitu. Nikibaki, kila mtu atakayekuja kuniambia "pole, ungekuwa mbali sasa" nitampokea, nami nitakuwa nimefiwa tena kwa uongo.

Nataka nini hasa? Nataka kusoma biashara. Nimetaka tangu nilipokuwa juu ya lile gunia nikitazama jinsi madalali walivyokuwa wakimpangia Susu bei ya mbaazi alizozilima mwenyewe, naye hana la kusema. Nilitaka kabla ya uongo. Uongo haukukifanya kitu hicho kiwe kibaya. Ulinifanya mimi kuwa mbaya.

Lakini fomu itafika na maandishi ya hedimasta. Watayasoma watu nisiowajua, na pengine watanikataa kabla sijaketi.

Jumapili, 20 Novemba

Mlango wa Mama Tima bado. Lakini jioni nilikuta sahani ya wali na mchuzi imefunikwa, juu ya ngazi yangu, kama siku zote za Jumapili.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimeituma fomu kama ilivyo. Karani wa posta aligonga muhuri nikabaki nimesimama dirishani hadi mtu wa nyuma akaniomba nimpishe.

Jumatano, 30 Novemba

Jibu kwa telegramu. Nije nifanye mtihani. Hakuna neno jingine.

Jumamosi, 3 Desemba. Nairobi

Nimefanya. Mara hii nilielewa kila swali, na niliyokosa nimekosa kwa kutojua. Mwishoni msimamizi, mama mwenye miwani, aliniuliza kama mimi ndiye Mbinya wa Migwani. Nikasema ndimi. Akasema walibishana juu ya fomu yangu kwa saa nzima. Hakusema upande wake ulikuwa upi.

Jumapili, 11 Desemba. Migwani

Nilimwomba mchungaji nafasi baada ya matangazo. Nilisimama mbele na barua ya Susu. Niliegemea meza ya sadaka. Nilianza kwa kusema kwa maneno yangu kwamba nyanya yangu hajafa, kwamba niliwadanganya, na kwa nini. Ndipo nikasoma.

Barua yenyewe ni fupi. Susu anasema yeye ni Kalunde wa Tawa, mkulima, na anawasalimu. Anawataja mmoja mmoja: mke wa hedimasta, Mama Mwangangi, Mama Tima wa dukani, watoto wa darasa la saba. Anawashukuru kwa kumlilia. Anasema mjukuu wake alifanya kosa na yeye hamtetei. Anasema kuni na unga walivyotoa vilitolewa kwa moyo mweupe na Mungu hakudanganywa, aliviona. Anasema siku atakapokufa kweli wasijione kwamba wana deni la kuja tena, walikwisha kuja.

Kwenye viti vya nyuma mtu mmoja alicheka, wengine wakamfuata, halafu wakanyamaza. Mke wa hedimasta alikuwa amefunika uso. Mama Mwangangi alisimama akatoka nje kabla ya wimbo wa mwisho. Nilimfuata hadi chini ya paa la jikoni la kanisa. Alisema ananisamehe kwa sababu ameamriwa kusamehe, lakini habari za mama yake nilizomwacha anieleze, hizo hajui azirudishe vipi.

Wanne walinisalimu nikitoka. Wengi walipita.

Jumatatu, 19 Desemba

Mjomba ameandika kwamba Susu ameanza kwenda shambani, na amegombana na mtu sokoni. Amepona.

Jumatano, 28 Desemba

Barua ya chuo. Alama sitini na nane. Ninaanza tarehe 16 Januari.

Niliketi nayo muda mrefu. Nilidhani furaha ingekuja yote pamoja. Ilikuja kidogo, ikaketi pembeni kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

Ijumaa, 30 Desemba

Leo nimekabidhi darasa. Hedimasta alikuwa amemwita Nzioka aje apokee rejista, funguo za stoo na vitabu vya hesabu. Tulihesabu pamoja ofisini, sisi wawili, hedimasta ametoka kwenda kuzungumza na mafundi wa paa. Tangu siku ile ya stoo hatujasemezana isipokuwa ya kazi.

Tulipomaliza, alitoa karatasi kubwa ya zamu za mwaka 1978 akaanza kuijaza. Nilijua ningetoka bila kusema, na nilijua nisiposema leo sitasema kamwe. Nilimwambia kwamba wiki ya mahojiano yake, mwezi wa saba, nitakuja kutoka Nairobi kushika darasa lake. Nilisema si malipo. Nilisema nimeangalia, siku hizo chuo kitakuwa hakijafunga, hivyo nitalazimika kuomba ruhusa.

Aliendelea kuandika Februari, Machi.

"Na huko chuoni," akasema, "utawaambia nani amekufa?"

Niliona haya hadi masikioni. Nikajibu kwamba nitawaambia kuna mwalimu anayekwenda kwenye mahojiano, na kwamba mwaka uliopita alikosa kwa sababu yangu. Wakikataa nitamwandikia mapema atafute mwingine.

Alijaza Aprili, Mei, Juni. Alipofika Julai aliweka kalamu ya wino chini, akafungua droo, akatafuta kitu humo kwa muda. Alitoa penseli. Akaandika jina langu kwa penseli katika wiki ya tatu, herufi ndogo, akaigeuza karatasi kidogo upande wangu ili niione, kisha akachukua tena kalamu yake ya wino akaendelea na Agosti.